Ulimi wa Bi Kipimo

Sabuni ikimharibikia mtu, hakuwa na pengine pa kuipeleka ila uani kwa Bi Kipimo. Waliileta imefungwa kwenye gazeti, wengine kwenye mfuko wa plastiki, wengine ndani ya ndoo ileile iliyokorogewa kwa sababu ilikuwa imeganda humo na haitoki. Walifika wameshajikunyata, maana walijua kinachowangoja. Bi Kipimo alikaa kwenye kigoda chake kando ya mlango wa jiko, miguu kainyoosha mbele, na mtu hajamaliza kufungua mfuko alikuwa ameshaanza kupewa vidonge vyake.

"Hii nini?" aliuliza siku moja, akiinamisha ndoo ya muuza mitumba. Juu yalielea mafuta, chini maji meupe, katikati hakuna cha maana. "Supu?"

"Sabuni, Bi. Imekataa kushikana."

"Haikukataa. Wewe ndiye uliyekataa kukoroga. Ulikoroga mpaka lini?"

"Mpaka mkono ukachoka."

"Ahaa! Mkono wa malkia umechoka." Akaligeukia benchi walikokaa wenye shida zao wakingoja zamu. "Jamani, mpepeeni, amechoka."

Benchi likacheka, kwa sababu kila aliyekaa pale alijua kwamba asipocheka, zamu yake itakuwa mbaya zaidi. Kisha Bi Kipimo akamwambia la kufanya: airudishe kwenye moto mdogo, akoroge bila kukaa chini, mpaka mwiko ukiinuliwa uache mstari juu ya uji ule na mstari usifutike. Muuza mitumba akafanya hivyo na sabuni ikashikana. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii: mwanamke yule alikuwa anajua. Angekuwa mjinga, watu wangeshamtupa zamani.

Msusi mmoja yeye alikorogea kwenye sufuria ya alumini. Kostiki, zile punje nyeupe ambazo bila hizo hakuna sabuni, hula ngozi, na alumini huila zaidi. Sufuria ikatoa povu jeusi na moshi, na asubuhi ilikuwa na matundu. Bi Kipimo aliinyanyua juu ya kichwa akaielekeza kwenye jua, akawaonyesha watu mwanga unavyopenya. "Mnaona nyota?" aliuliza. Msusi aliomba arudishiwe sufuria yake aondoke, lakini ilizungushwa benchi zima kwanza. Tangu siku hiyo watu walimwita Matundu, na hata wateja wake, akiwa amewashika nywele, walimwita hivyo.

Lakini si matusi yaliyompa Bi Kipimo jina. Jina lilitokana na ulimi wake. Sabuni inaweza kuwa nyeupe, ngumu, imekatwa vizuri, na bado ndani yake kukawa na kostiki iliyobaki kwa kukosa mafuta. Hiyo itakula atakayeiogea. Wengine hulazimika kuiacha rafuni wiki kadhaa, kisha wajipake mkononi na kusubiri kuona kama ngozi itawasha. Bi Kipimo aligusa tu kwa ncha ya ulimi. Sabuni ikiwa salama, alisikia ladha ya sabuni na basi. Ikiwa na kostiki iliyobaki, ilimchoma ghafla, kama mtoto aliyelamba betri ya tochi. Kwa ukali wa mchomo ule alijua hata mafuta ya nazi ya kuongeza ni kiasi gani. Hakuwahi kukosea, na watu walitoka mbali kuja kumwona anavyoutoa ule ulimi.

Kwa ulimi huo alikuwa mtu. Mwanawe, fundi bomba, alimsalimia kwa kuinama. Mkwewe, mke wa huyo mwana, alimpelekea maji ya kuoga, akampakulia kabla ya wote kwenye sahani yake peke yake yenye kifuniko. Bila ulimi angekuwa kikongwe anayekula bure kwenye nyumba ya mwanawe. Na Bi Kipimo alijua vizuri kikongwe wa namna hiyo hufanywa nini, kwa sababu aliwahi kumfanya mmoja hivyo yeye mwenyewe.

Kigoda kile kilikuwa cha mama mkwe wake. Bi Kipimo aliletwa pale akiwa mke mbichi, akapewa mwiko, akakoroga mpaka bega likawa halilaliki. Alitukanwa asubuhi, akatukanwa jioni. Akanyamaza, akatazama. Baada ya miaka aliona jambo: bibi yule alikuwa akigusa sabuni kwa ulimi kisha anakawia, macho yanahangaika, ndipo anasema. Basi siku moja, benchi likiwa limejaa, akamletea kipande kibichi cha sabuni iliyokatwa asubuhi hiyohiyo, akamwambia ni ya zamani, imeshakauka.

Bibi akalamba. "Safi kabisa," akasema. "Hata kichanga mwogesheeni."

Mke mbichi akakichukua kipande kile kwa adabu, akampa wa kwanza kwenye benchi, "Hebu onja na wewe, dada." Akaonja, akaruka. Akampa wa pili. Mpaka kinafika mwisho wa benchi watu wanajishika mbavu, na bibi amekaa katikati ya kicheko, mdomo wazi, ulimi umetoka malengelenge asiyoyasikia. Jua halijazama, kigoda kilikuwa na mwenyewe mpya. Bibi akahamishiwa chumba cha nyuma kunakowekwa madumu ya mafuta, akawa analetewa chakula humo mpaka alipokufa.

"Tena nilikuwa sitii chumvi chakula chake," Bi Kipimo alipenda kumalizia. "Chumvi ya nini kwa mtu asiye na ulimi?"

Aliisimulia habari hii kwa kucheka, mara nyingi, na mtu aliyemsimulia mara nyingi kuliko wote ni mkwewe, wakiwa wawili juu ya ndoo, mmoja anakoroga na mwingine ametulia. Mkwe alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alicheka pale panapotakiwa kuchekwa, akaendelea kukoroga.

Sasa, msimwonee Bi Kipimo huruma mapema, lakini ni kweli kwamba ulimi ulimfia taratibu, na kwamba aliogopa. Kwanza ndimu ilikosa makali. Halafu akawa hajui chai imetiwa sukari mpaka aone chembe chini ya kikombe. Alijidanganya kuwa ni mafua. Mpaka siku moja, anapiga mswaki, akaona kwenye kioo ncha ya ulimi imechubuka na ngozi inaning'inia. Sabuni aliyoipitisha jana yake ilikuwa imemuunguza, na yeye hakusikia kitu, na mwenye sabuni ameshaondoka nayo. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mle bafuni. Hakumfikiria mwenye sabuni. Alifikiria chumba cha madumu.

Hakulia. Bi Kipimo hakuwa mtu wa kujililia, alikuwa mtu wa kutafuta adui yuko wapi, na adui alikuwa jikoni akimenya vitunguu.

Kesho yake akamwita mbele ya benchi. "Mkwe wangu, mimi sitaishi milele. Njoo ujifunze. Onja wewe kwanza."

Mkwe akaonja, uso ukamkunjika, jicho moja likafumba. Bi Kipimo akausoma uso ule kama anavyosoma saa ukutani. Hapo akajua kwamba ameokoka. Yule aonje, yeye asome.

"Inauma, Mama," mkwe akasema.

"Inauma! Hata mbuzi atajua inauma. Inauma mbele ya ulimi au pembeni?"

"Mbele... na pembeni."

"Haya, anabahatisha. Anakula hapa miaka yote, na bado anabahatisha." Akaichukua sabuni, akailamba yeye, akafumba macho kama mtu anayesikiliza, kisha akatoa hukumu ileile iliyokuwa imeandikwa usoni kwa mkwewe, na kuipamba. "Pembeni tu. Kostiki imezidi kidogo. Ikwangue, iyeyushe, ongeza mafuta ya nazi kikombe kimoja. Umesikia, mwanafunzi?"

Ikawa ndio mtindo. Kila sabuni ilipita kwanza kwenye mdomo wa mkwe, na kila mara mkwe alikuwa amekosea kitu, na benchi lilicheka. Ulimi wake ukajaa vidonda. Akawa anakunywa chai ikiwa imepoa, anatafuna upande mmoja, na mchana akila wali mkavu machozi yanamlengalenga kwa maumivu. Bi Kipimo aliyaona hayo yote. Aliona pia kuwa vidonda vinausaidia uso ule kusomeka vizuri zaidi, akafurahi.

Mezani nako alijilinda. Aliogopa mtu asije akagundua kuwa hajui ladha ya chakula, basi akawa analalamika. "Chumvi imezidi. Mnataka nife kwa presha?" Mkwe hujibu, "Nitapunguza, Mama." Kesho yake anaonja tena, anasukuma sahani. "Bado imezidi." "Nitapunguza, Mama." Fundi bomba humtazama mkewe kwa macho ya lawama, kisha huinamia chakula chake. Bi Kipimo aliuona ujanja huu kuwa mzuri kupita kiasi. Nani atautilia shaka ulimi wa mtu mwenye malalamiko namna ile?

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi alipokuja fundi cherehani.

Fundi huyu alikuwa mwanamke mnene, mbishi, mwenye tepu ya kupimia shingoni hata akienda sokoni. Alikunjua kitambaa kipya, ndani mna vipande vya sabuni vyeupe vilivyokatwa kwa rula. "Binti yangu kajifungua," alisema. "Kichanga hajatimiza wiki. Sitaki sabuni ya dukani, nimepika mwenyewe. Niambie tu kama nimwogeshee."

Benchi lilikuwa limejaa. Matundu alikuwepo pia, ameleta sabuni iliyotoa unga mweupe juu, kakaa mwisho kabisa akiomba asionekane. Bi Kipimo akaita, na mkwe akaja akijifuta mikono. Kaibandika sabuni kwenye ulimi, kaiacha pale, kaitoa.

Uso wake ulikuwa mkavu.

"Haina kitu, Mama," alisema. "Safi."

Bi Kipimo alimwangalia jichoni, akamwangalia kope, akamwangalia shavu ambalo siku zote ndilo linaloanza kucheza. Hakuna. Huenda sabuni ilikuwa salama kweli. Na huenda mtu aliyesimama pale ameshajua, na uso ule amekuwa akiufanyia mazoezi peke yake nyuma ya mlango wa jiko kwa miezi. Bi Kipimo aliutambua. Ndio uso aliokuwa nao yeye siku aliyompelekea mama mkwe wake kipande kibichi.

Akailamba sabuni. Ilikuwa kama kulamba ukuta.

Akisema safi, na ikawa inauma, mkwe ataichukua kwa adabu na kumpa wa kwanza kwenye benchi. Akisema inauma, na ikawa safi, fundi cherehani mwenyewe ataionja, maana mwanamke yule habishiwi. Watu walikuwa wanangoja. Alikawia, na alijua anakawia, na alijua macho yake yanahangaika. Kuhusu kichanga wa fundi cherehani hakuwaza kitu, tuseme tu ukweli.

Ndipo jicho lake likamwangukia Kijino, mjukuu wake, bintiye huyo mkwe, anachezea visoda karibu na bomba. Alikuwa ndio kwanza ameanza kuongea maneno yakaeleweka, na jino moja la mbele lilimtangulia kila alipocheka.

"Kijino, njoo kwa bibi."

Mtoto akaja mbio. Bi Kipimo akamvua gauni, akavuta beseni la maji, akamkalisha ndani. Kisha akampa mkwe ile sabuni.

"Si umesema safi? Haya, mwogeshe mwanao. Anza na uso."

Benchi likacheka, likidhani ni mchezo wake mwingine. Mkwe hakucheka. Aliilowesha sabuni akaanza kuifikicha mikononi. Povu likapanda, jeupe, zuri. Akaendelea kufikicha. Kijino akafumba macho na kuinua kidevu, kama afanyavyo kila siku mama yake akitaka kumnawisha. Bi Kipimo sasa hakuutazama uso, uso ulikuwa umemshinda, alitazama mikono.

Mikono ikaenda mpaka karibu na shavu la mtoto ikasimama. Ikaanza kutetemeka. Mkwe akainua kichwa, na macho yake yakasema yote: huyu ni damu yako pia, Mama, nakuomba.

Bi Kipimo alikuwa ameshapata jibu lake. Angeweza kuishia hapo. Hakuishia hapo.

"Unangoja nini? Mpake."

"Mama..."

"Mpake, nimesema! Na macho umpake."

Mkwe akaitupa sabuni chini. "Inauma," alisema.

"Sema kwa sauti, na walio mwisho wasikie."

"Inauma. Nimesema uongo."

Hapo Bi Kipimo akasimama kutoka kwenye kigoda, jambo alilofanya mara chache. "Mmemsikia? Angemchubua kichanga wa watu, na yeye ni mzazi! Mimi nimeigusa tu nikajua, lakini nikasema ngoja nione roho yake ilivyo. Sasa mmeiona." Fundi cherehani alimsonya mkwe, akatema mate karibu na miguu yake. Mwingine akasema jamani, wengine wana mioyo. Hakuna aliyeuliza kwa nini mkwe aseme uongo. Mkwe alikuwa ameinama bombani anaosha mikono kwa maji na siki, viganja vimeiva vyekundu, maana povu lile alilishika muda mrefu.

Bi Kipimo akatoa dawa ya sabuni kama kawaida. Ikwanguliwe, iyeyushwe, iongezwe mafuta, ikae rafuni mpaka ikauke kweli. Akataka ifanyike palepale, jikoni kwake, mbele ya wote, akamtuma mkwe huyohuyo awashe jiko. Kijino alikuwa bado kwenye beseni, analia kwa baridi. Bibi yake akamtoa, akamfunga taulo, akampakata. "Leo utakula na bibi," alimwambia. "Mama yako hana akili." Alijisikia mwepesi. Alikuwa amepata kipimo kipya, kizuri kuliko uso wa mkwe, na kilikuwa kimekaa mapajani mwake kikinyonya kidole.

Mchana fundi bomba akarudi kula. Fundi cherehani alikuwa bado anasubiri sabuni yake iyeyuke, na wawili watatu wa benchi walibaki, Matundu mmoja wao, wakakaribishwa. Mkwe akaleta chakula. Alipakua kwa shida kwa sababu viganja vilikuwa vimefungwa vitambaa. Kwanza, kama kila siku, sahani ya mama mkwe yenye kifuniko. Kisha sinia la wengine, wali na maharage.

Bi Kipimo akafunua, akala tonge moja. "Chumvi umezidisha tena," alisema. "Hasira zako usizimalizie kwenye sufuria."

"Nitapunguza, Mama."

Fundi bomba akaguna. "Hata leo? Huoni aibu na ulichokifanya asubuhi?"

Kijino, mapajani mwa bibi yake, akapeleka vidole kwenye sahani, akachota, akatia mdomoni. Akatafuna kidogo, akaacha. Akafungua mdomo na chakula kikaanguka kwenye taulo.

"Kibaya," alisema.

"Kula, mwanangu."

"Hakina chumvi, Bibi."

"Kula, nimesema."

"Hakina! Cha baba kina!" Akanyoosha mkono kwenye sinia, akachota huko, akala, akacheka kuonyesha jino.

Fundi bomba akatazama sahani ya mama yake. Tangu azaliwe hakuwahi kuingiza mkono kwenye sahani ile. Akauingiza. Akatafuna polepole, kisha akala cha sinia, kisha akarudi kwenye sahani, kama mtu ambaye hajaamini. Akamgeukia mkewe.

"Mbona hivi?"

"Aliniambia nipunguze," mkwe alisema. Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa. "Nikapunguza. Akasema bado imezidi, nikapunguza tena. Mwisho ikawa haipo. Ni tangu mvua za mwaka jana sijatia hata punje. Na kila siku anasema imezidi."

Mtu angetarajia Bi Kipimo apayuke. Hakupayuka. Fundi cherehani hakuomba ruhusa, alinyoosha tu mkono wake mnene akaonja, kisha akaisukuma sahani kwa jirani yake. Ikaenda kwa wa pili, ikaenda kwa wa tatu. Kila mmoja alionja, na kila mmoja alipomaliza alimtazama Bi Kipimo. Yeye akawasoma nyuso zao mmoja mmoja kwa ule uhodari wake, na zote zilikuwa zinasomeka vizuri.

"Kwa hiyo asubuhi," fundi cherehani alisema taratibu, akiishika tepu yake shingoni, "hukuonja kitu. Mjukuu wangu ulikuwa unamtafutia jibu kwenye uso wa huyu. Na alipokuficha, ukamweka mjukuu wako kwenye beseni."

"Mimi najua sabuni tangu wewe hujazaliwa."

"Unajua kutukana. Nimekuuliza habari ya ulimi."

Matundu ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa kiganja, kicheko kikampita katikati ya vidole. Alicheka kwa ajili ya sufuria yake, alicheka kwa ajili ya jina lake, akacheka mpaka akashikilia ukuta, na wenzake nao wakashindwa kujizuia. Kilikuwa kicheko kilekile ambacho Bi Kipimo alikuwa amekifundisha benchi lile kwa miaka, na kilitoka bila kasoro.

Fundi bomba hakucheka. Alinawa mikono, akajifuta, akasimama mlangoni akitazama nje. "Mama," alisema bila kugeuka, "umefanya kazi sana. Pumzika sasa. Yale madumu ya chumba cha nyuma nitayatoa jioni."

"Mwanangu, chumba kile..."

"Kina dirisha. Nitakipiga chokaa."

Bi Kipimo alikijua kidirisha kile. Alikuwa akipitishia sahani hapo, siku ambazo hakutaka kuingia ndani kuuona uso wa bibi wa watu. Akamtazama mkwewe, na sasa zamu ilikuwa yake ya kusema kwa macho: mimi ni mtu mzima, nakuomba.

Mkwe alikuwa ameshaingia jikoni. Akatoka na kopo la chumvi, akapiga magoti mbele yake kama mkwe anavyotakiwa, akaipokea ile sahani iliyokuwa imezunguka watu wote, akaiweka chini taratibu.

"Nikutilie, Mama?"

Bi Kipimo alijua kwamba haitaleta tofauti yoyote mdomoni mwake, na bado hakuna kitu alichowahi kukitaka kama alivyoitaka chumvi ile.

"Nitilie, mwanangu," alisema.

Mkwe akafungua kopo kwa vidole vyake vilivyofungwa vitambaa, akachota, akaupeleka mkono juu ya sahani. Ukasimama hapo. Haukutetemeka hata kidogo. Kisha akairudisha chumvi ndani ya kopo na kulifunika.

"Ya nini?" aliuliza, akacheka kidogo, palepale ambapo siku zote hucheka.

Kijino akateremka mapajani mwa bibi yake, akaenda kwenye sinia.